Mfarishi, Cherehani na Mikono: Namna ya Kushona Bila Meno

Katika miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang. Mwanafunzi wa Gehandu anayedurusu masomo yake usiku hahitaji kuelezwa thamani ya nguo nzito ya kujifunikia. Nguo moja ya namna hiyo iwezayo kutengenezwa nyumbani, tena kwa vipande vilivyobaki kwa fundi, ni mfarishi. Mfarishi una tabaka tatu: uso wa juu, ujazo wa pamba au wa blanketi kuukuu katikati, na bitana upande wa chini. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono inayopindapinda juu ya nguo nzima.

Watu wengi hudhani kwamba mishono hiyo huhitaji mashine ya kiwandani. Sivyo. Cherehani ya miguu ile ile inayoshonea sare za shule yaweza kuifanya, na mafundi wengi wa mijini huitumia kwa njia hiyo hiyo kudarizi magauni ya vitenge. Katika makala haya tutaeleza jinsi jambo hili linavyowezekana, na kwa nini anayeanza hushindwa siku za kwanza.

Kazi ya mishono

Mfarishi hautoi joto, bali huzuia joto la mwili lisipotee. Kinachozuia hasa ni hewa, kwa sababu hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Nyuzinyuzi za pamba huinasa hewa hiyo katika vijishimo vidogo visivyohesabika na kuizuia isitembee. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na ndiyo sababu mfarishi uliolowa haufai kitu.

Pasipo mishono ujazo husogea, hujikusanya pembeni, na kuacha mahali patupu panapopitisha baridi. Lakini mishono ikisongamana mno huukandamiza ujazo na kuitoa hewa. Kwa hiyo mshonaji hutafuta kadiri ya katikati: mishono ya kutosha kuushika ujazo, isiyozidi hata kuubana.

Fundo lisiloonekana

Cherehani hutumia nyuzi mbili, mmoja wa juu upitao katika sindano na mmoja wa chini utokao katika bobini. Tundu la sindano yake liko karibu na ncha, tofauti na sindano ya mkono. Elias Howe wa Marekani alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa mashine ya namna hii mwaka 1846.

Sindano hutoboa kitambaa na kufika chini kabisa. Inapoanza kupanda, uzi hukwama kidogo kwa sababu ya msuguano wa kitambaa, nao hutuna na kufanya kitanzi kidogo kando ya sindano. Hapo ncha ya ndoano iliyo chini huingia katika kitanzi hicho, hukipanua, na kukizungusha kuipita bobini. Nyuzi mbili zikishapishana, uzi wa juu huvutwa, na fundo hukaa katikati ya unene wa nguo.

Yote hutegemea kitanzi hicho kidogo. Kitambaa kikinyanyuka pamoja na sindano, uzi haukwami, kitanzi hakitokei, na ndoano hupita mahali patupu. Mshono huo huwa umerukwa.

Meno yakiteremshwa

Chini ya mguu wa cherehani kuna vyuma vyenye meno. Meno hayo hupanda, husukuma kitambaa nyuma, hushuka, kisha hurudi mbele. Mwendo huu wa hatua nne ulibuniwa na Allen Wilson wa Marekani, aliyepata hati yake mwaka 1854. Meno ndiyo yanayopima urefu wa kila mshono. Mikono ya mshonaji huongoza tu.

Ili kushona mizunguko ya mfarishi, meno huteremshwa kwa skrubu au kitufe, ama hufunikwa kwa kibati katika cherehani zisizo na kitufe hicho. Mguu wa kawaida huondolewa. Sasa kitambaa chaweza kwenda mbele, nyuma, kushoto na kulia, lakini hakuna tena chombo cha kupima mshono. Kazi ya kupima imehamia kwa mshonaji mwenyewe, naye huifanya kwa hesabu hii:

Urefu wa mshono = mwendo wa kitambaa kwa dakika ÷ idadi ya mishono kwa dakika.

Tuseme miguu inaendesha sindano mara 300 kwa dakika, na mikono inasogeza kitambaa sentimita 60, yaani milimita 600, kwa dakika hiyo hiyo. Kila mshono utakuwa na milimita 2. Mikono ikienda mara mbili upesi bila miguu kubadilika, mshono utakuwa milimita 4. Miguu ikienda mara mbili upesi na mikono ikabaki kama mwanzo, mshono utakuwa milimita 1 tu.

Hapa ndipo penye ugumu wa anayeanza. Afikapo kwenye kona, mikono hupunguza mwendo, lakini miguu huendelea kukanyaga vilevile; mishono husongamana. Akiona njia iliyonyooka, mikono hukimbia, mishono hutawanyika. Ustadi ni kuifanya mikono na miguu iongezeke na kupungua kwa pamoja.

Makosa matatu na sababu zake

Kwanza, uzi kujisokota chini ya nguo. Mara nyingi mshonaji ameondoa mguu akasahau kuteremsha mkono wa kuushushia. Mkono huo ndio unaobana visahani vya kukazia uzi wa juu, hivyo ni lazima ushushwe hata kama mguu haupo.

Pili, mishono kurukwa. Sababu ni kitambaa kunyanyuka, kama tulivyoona. Dawa yake ni kukaza kitambaa katika fremu ya duara, au kutumia mguu wenye springi unaokigandamiza wakati sindano inapopanda. Anayekandamiza kwa mikono aweke vidole mbali na sindano.

Tatu, sindano kuvunjika. Kitambaa kikivutwa kwa nguvu wakati sindano ingali ndani yake, sindano hupinda na kugonga bati la chini. Yafaa kusogeza kitambaa polepole na kukanyaga kwa mwendo usiokatika.

Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji uzi wala kitambaa. Tia sindano kuukuu katika cherehani, maana karatasi huharibu makali ya sindano. Teremsha meno, kisha weka karatasi ya grafu. Mwanafunzi akanyage na kusogeza karatasi kwa mikono kufuata mstari wa sentimita 10, akikusudia kuacha milimita 2 kati ya tundu na tundu.

Pima nafasi zote. Tafuta wastani wake, kisha tofauti kati ya nafasi ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote. Rudieni jaribio kwa dakika chache kila siku, kwa siku 10, na kuchora grafu ya tofauti hiyo. Linganisheni pia mstari ulionyooka na mstari uliopinda.

Jambo la kuangalia ni tofauti, wala si wastani peke yake. Wastani waweza kuwa milimita 2 hata siku ya kwanza, kwa kuwa mishono mirefu imefidia mifupi. Lakini mfarishi ulioshonwa hivyo utafumuka penye mishono mirefu.

Mara nyingi husemwa kwamba mkono wa fundi ni kipaji cha kuzaliwa nacho. Akina bibi wa Kiiraqw walioshonea shanga sketi za ngozi, ushanga mmoja baada ya mwingine, walijifunza kazi hiyo kwa kuirudia. Mwanafunzi wa leo anaweza zaidi ya hapo kuupima mkono wake mwenyewe, siku kwa siku, na kuona katika karatasi yake kama unatengemaa. Akisha kuuona mstari wa grafu ukishuka, atie uzi, achukue vipande vyake, na aanze kushona kabla ya Juni haijaingia.