Mti wa Asili Mrefu Kuliko Yote Afrika Umo Kilimanjaro

Tutajapo Kilimanjaro, wengi wetu hukumbuka theluji. Ni wachache wajuao kwamba katika bonde moja la mlima huo umesimama mti wa asili mrefu kuliko yote iliyokwisha kupimwa barani Afrika: mita 81.5. Minara ya misikiti ya mitaani kwetu haifiki nusu yake.

Mti huo, Entandrophragma excelsum kwa jina la kitaalamu, ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, na wenziwe waliupima kwa leza, wakatangaza matokeo mwaka 2016. Kifaa hicho hupima umbali na pembe za kileleni na shinani, kisha hesabu hutoa kimo.

Asiye na leza na atumie kivuli. Kivuli cha fimbo iliyosimama wima kinapolingana na fimbo yenyewe, kivuli cha mti nacho huwa sawa na kimo chake. Waliofundishwa chuoni kuutambua wakati wa Alasiri hawatapata tabu hapo. Ila njia hii yataka jua na uwanja tambarare, na msitu mnene hauna hata kimoja.

Umri wa miti hiyo, kwa kukadiria kasi ya kukua kwake, ni miaka 500 hadi 600. Ukataji haramu umekwisha kuingia katika misitu ya mlima huo, nao watafiti wamependekeza bonde hilo litiwe ndani ya hifadhi ya taifa.