Nyoka Aliyenyang'anywa N

Mwanafunzi anayesema kwamba wingi wa 'kipilefti', neno litumikalo sana Tanzania, ni 'vipilefti', aghalabu huchekwa. Huambiwa kuwa Kiswahili kimeiteka amri ya Kiingereza ya kushika kushoto, kikaukata mwanzo wake na kuufanya kiambishi cha ngeli ya KI-VI. Ni kweli. Lakini nyani haoni kundule. Hebu tuchungulie kwa Mwingereza mwenyewe.

Katika Kiingereza cha Kale, nyoka aitwaye leo 'adder' aliitwa 'nædre'. Baadaye, wasemaji waliposema 'a nadder', sikio halikuweza kubainisha N ni mali ya nani: ya nomino au ya kibainishi 'an'? Kibainishi kikaipora. Ndivyo ilivyokuwa kwa 'napron', neno lililotoka Kifaransa, ambalo sasa ni 'apron'. Nduguye 'napkin' aliponea chupuchupu, na leo hakuna awatazamaye wawili hao akadhani ni wa ukoo mmoja. Mara nyingine nomino ndiyo iliyopora: 'an ekename', yaani jina la ziada, ikazaa 'nickname'.

Kisa kinachotugusa zaidi ni cha 'pea'. Awali 'pease' lilikuwa umoja. Wasemaji wakaisikia S ya mwisho, wakadhani ni alama ya wingi, na kufikia karne ya 17 wakawa wamejiundia umoja mpya kwa kuidondosha. Je, si ndivyo tulivyofanya kwa 'madigadi'? Tuliisikia 'ma' ya jina la Kiingereza la kikinga matope cha gari, tukaihesabu kuwa ya wingi, tukapata 'digadi' moja. Wao walikata mkia, sisi tukakata kichwa. (Sitaji 'hamburger', lililotokana na mji wa Hamburg wala si nyama ya nguruwe, japo watu wamelikata katikati wakapata 'burger'.)

Waama, wanaisimu huuita mchakato huu uchanganuzi upya, na haubagui lugha. Hata 'kitabu' lilitujia kutoka Kiarabu, ambako K ni sehemu ya mzizi wa K-T-B, wala si kiambishi. Wingi wake huko ni 'kutub'. Sisi twasema 'vitabu', na hakuna mhadhiri anayetia alama nyekundu. Anayetaka 'vipilefti' vifutwe kwa kosa hilo hana budi kuanza na vitabu.