Kitabu kwa Ajili ya Mwingine Katika Siku ya Kuzaliwa ya Mtoto

Miongoni mwa matendo saba ya huruma ya kiroho, Kanisa linataja kuwafundisha wasiojua. Waamini wengi hudhani kwamba hiyo ni kazi ya makatekista na walimu peke yao. Zipo, hata hivyo, familia ambazo mtoto anapotimiza miaka saba au kumi huwaomba wageni walete kitabu kwa ajili ya shule au maktaba ya parokia, badala ya zawadi ya kawaida. Desturi hiyo ni njema, ila yahitaji kueleweka, maana sadaka iliyotolewa bila kufikiri huweza kumlemea anayeipokea.

Swali la msingi ni hili: anayetoa ni nani? Mtoto aliyenyang’anywa zawadi zake mbele ya wageni hajatoa kitu. Wametoa wazazi, tena mali isiyo yao. Kanuni ya 1136 ya Sheria za Kanisa inawapa wazazi wajibu mzito na haki ya kwanza ya malezi ya watoto wao, ya kimwili, kijamii, kiutamaduni, kimaadili na kidini. Kulea moyo wa ukarimu ni sehemu ya malezi hayo, wala hakufanyiki kwa amri. Mtoto aulizwe mapema, ashiriki kuchagua, na kitabu kimoja kibaki kuwa chake. (Akitaka na mpira pia, sioni dhambi.)

Kuhusu vitabu vyenyewe, ndipo tunapokosea zaidi. Mwaka 1954 Bibi Ranfurly, ambaye mumewe alikuwa gavana wa Bahamas, alianzisha shirika la kupeleka vitabu mahali visipopatikana. Wakati ule vilikuwa vitabu vilivyokwisha kutumika, vilivyokusanywa kwa wasomaji. Leo shirika hilo, linaloitwa Book Aid International, hupeleka vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji. Nasi tujiulize kama tunatoa kitabu au tunasafisha kabati. Kitabu kilichochanika, au chenye lugha ambayo mtoto wa darasa la pili haielewi, ni mzigo kwa mwalimu mkuu asiye na rafu ya kukiweka. Katika shule za msingi za serikali hapa Tanzania lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Basi zitafutwe hadithi za Kiswahili zenye picha na maandishi makubwa. Tangu mwaka 1991 upo nchini mradi wa vitabu vya watoto uliosaidia kazi za namna hiyo kuchapishwa, na anayezinunua humtegemeza pia mwandishi wetu. Mwalimu aulizwe kwanza anachohitaji.

Lipo pia suala la kusudi. Kanuni ya 1267 yaagiza kwamba matoleo ya waamini kwa lengo maalumu yatumike kwa lengo hilo tu. Paroko, kwa hiyo, hawezi kuuza vitabu vya maktaba ili anunue saruji, hata kama kanisa halijaezekwa. Mtoaji aseme wazi: ni kwa shule, au kwa darasa la Komunyo ya Kwanza.

Picha za watoto maskini waliopangwa mstari wakipokea vitabu, tuziache. Sura ya sita ya Injili ya Mathayo yatosha kutuonya. Vitabu vikabidhiwe ofisini, viorodheshwe katika daftari, kisha mtoto aketi na mwenzake, wasomeane kurasa chache.