Mkazi wa Kyoto si Mtalii Aliyechelewa Kuondoka

Mwaka 2024 Japani ilitembelewa na watu milioni 36.87 kutoka nje, na mwaka huo ulipokuwa ukiisha, raia wa nchi nyingine waliokuwa wakiishi nchini humo kwa vibali walifika takriban milioni 3.77. Idadi zote mbili zilikuwa hazijawahi kufikiwa. Katika mazungumzo ya watu makundi haya huchanganywa kwa urahisi, kwa kuwa wote ni wageni na wote wanajaza mabasi. Mahali pazuri pa kuona jinsi mchanganyo huo unavyopotosha ni Kyoto, jiji la watu wapatao milioni 1.4, lililokuwa makao ya wafalme wa Japani tangu mwaka 794 kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ambalo leo halipumziki kwa sababu ya watalii. Hoja yangu ni kwamba Kyoto, pengine bila kukusudia, imejipatia kipimo chake cha kumjua mwenyeji na mpita njia, nacho ni kazi za mtaa. Kipimo hicho kina kero zake, lakini kwa mgeni anayeishi huko kina haki zaidi kuliko kupimwa kwa sura ya uso.

Tuanze na takataka, maana ndizo zinazompa mkazi mpya somo la kwanza. Tangu Oktoba 2006, kila kaya ya Kyoto inatakiwa kununua mifuko maalumu ya jiji: ya manjano kwa taka za kuchomwa, na inayoonyesha ndani kwa makopo, chupa na plastiki. Mfuko wa manjano wa lita 45 huuzwa kwa yen 45, yaani yen moja kwa kila lita, kwa hiyo anayetupa zaidi hulipa zaidi. Taka za kuchomwa huzolewa mara mbili kwa wiki. Mfuko hutolewa nje asubuhi ya siku yenyewe, kabla ya saa mbili, na kufunikwa kwa wavu ili kunguru wasiupasue. Ukichanganya chupa na mabaki ya chakula, gari la taka linauacha pale pale na karatasi imebandikwa juu yake kueleza kosa, na kila apitaye anaisoma. Katika mitaa mingi wavu huo hutunzwa kwa zamu. Nyuma ya zamu hizo kuna chonaikai, chama cha wakazi wa mtaa, ambacho hupitisha ubao wenye matangazo kutoka nyumba hadi nyumba: zoezi la kuzima moto, siku ya kufagia, michango ya mwaka. Ukishasoma unaweka mhuri au saini, kisha unampelekea jirani. Msomaji wa Tanzania atakumbuka nyumba kumi, ila hiki si chombo cha chama cha siasa, na kisheria hakuna anayelazimishwa kujiunga.

Mtu anaweza kuuliza haya yote yanahusianaje na kutembelea vivutio. Yanahusiana sana, kwa sababu vivutio vingi vya Kyoto ni kazi za mtaa zilizopata umaarufu. Sikukuu ya Gion ilianza mwaka 869 kama maombi ya kuondoa tauni, na leo mamia ya maelfu ya watu hujipanga barabarani Julai 17 na Julai 24 kutazama majukwaa makubwa ya mbao yakivutwa au kubebwa. Majukwaa hayo, ambayo ni 34, si mali ya serikali wala ya kampuni ya utalii. Kila moja lina mtaa wake na chama chake cha kulitunza. Kanko-hoko, kwa mfano, ina zulia la ukutani lililofumwa Ubelgiji katika karne ya 16, lenye kisa cha Biblia cha Rebeka akimpa maji mtumishi wa Ibrahimu. Zulia hilo linahitaji mtu wa kulikunja, wa kulilinda na unyevu na wa kujua lini lishonwe upya. Taka-yama iliharibiwa na dhoruba mwaka 1826, ikabaki nje ya msafara kwa miaka 196, na ikarudi mwaka 2022 kwa juhudi za watu walioamua kuifufua. Mtalii huona saa chache za mwisho, lakini mkazi wa mitaa hiyo, hata kama amezaliwa Mombasa au Hanoi, huona mazoezi ya ngoma na filimbi, kamba zikifungwa bila msumari hata mmoja, na mikutano ambayo pengine ingemchosha mtu yeyote.

Agosti ni hivyo hivyo. Mioto mitano mikubwa inayowashwa milimani usiku wa tarehe 16 kuaga roho za wafu hupigwa picha na dunia nzima, lakini kuni hupandishwa na watu wa familia zinazoishi chini ya milima hiyo. Siku chache baadaye huja Jizo-bon, sikukuu ya watoto, ambapo sanamu ndogo ya Jizo, mlinzi wa watoto, iliyopo kila mtaa husafishwa na watoto kupewa vitafunio na michezo. Haina tiketi, haina tangazo, na mtalii huipita bila kujua. Faida nyingine ya mkazi ni muda. Hekalu la Fushimi Inari halina lango la kufungwa wala kiingilio. Saa kumi na mbili asubuhi mtu anaweza kupanda chini ya malango yake mekundu karibu peke yake, na saa tano mahali hapo hapo ni foleni.

Sasa tuje kwenye mabasi, ambako ugomvi uko wazi. Kyoto ina njia mbili tu za treni ya jiji ya chini ya ardhi, hivyo mzigo mkubwa wa watalii na masanduku yao huangukia mabasi yale yale yanayompeleka mzee hospitalini. Mwaka 2023 jiji liliacha kuuza tiketi ya basi ya kutwa nzima iliyopendwa na watalii. Juni 2024 likaanzisha mabasi ya haraka ya watalii kwa nauli ya yen 500, wakati nauli ya kawaida katikati ya jiji ni yen 230. Mwaka huo huo wakazi wa mtaa wa Gion walizuia watalii kuingia vichochoro vyao vya binafsi, na mabango yakatishia faini ya yen 10,000. Meya Matsui Koji, aliyechaguliwa mwaka 2024, aliahidi nauli nafuu kwa wakazi. Jiji pia hutoza kodi ya malazi tangu Oktoba 2018. Hatua hizi zimechora mstari, lakini tazama unapopita. Tangu Julai 2012 raia wa kigeni wameandikwa katika daftari moja la wakazi pamoja na Wajapani, na anayehamia ana siku 14 za kutoa taarifa ofisi ya kata. Kwa mstari huo, muuguzi Mkenya anayeishi kata ya Fushimi ni mwenyeji, na mfanyabiashara wa Tokyo aliyekuja kutazama majani mekundu ya vuli ni mgeni.

Wapo watakaosema kwamba kanuni za taka ni mtego tu wa kumnasa mgeni, na kwamba mfuko ukiachwa, lawama humwangukia yeye kwanza. Kuna ukweli hapo. Hata hivyo, kanuni iliyoandikwa hujifunzwa, na jiji huichapisha kwa lugha kadhaa. Sura ya mtu haijifunzwi wala haibadilishwi. Kati ya vipimo hivyo viwili, chenye karatasi ya maelekezo ndicho kinachompa mtu nafasi. Oussouby Sacko, msanifu majengo kutoka Mali aliyefika Japani mwaka 1991, alichunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyotumia nafasi katika nyumba za kale za Kyoto, kisha akawa rais wa Chuo Kikuu cha Kyoto Seika kuanzia 2018 hadi 2022. Maisha ya mtu mmoja hayathibitishi kanuni, tena yeye alikuwa amechukua uraia wa Japani mwaka 2002, lakini yanaonyesha kwamba mlango upo. Kwa vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma Japani kwa ufadhili kama ABE Initiative, uliotangazwa Yokohama mwaka 2013, hilo si jambo dogo.

Pingamizi zito zaidi ni la nyumba. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Japani uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu watu 4 kati ya 10 miongoni mwa wakazi wa kigeni waliotafuta nyumba katika miaka mitano iliyotangulia walikataliwa kwa sababu si Wajapani. Anayekubaliwa naye mara nyingi hukutana na malipo ya shukrani kwa mwenye nyumba, ambayo hayarudishwi, pamoja na ada ya kampuni ya udhamini. Asiyepata mlango wa kuingilia hana mtaa wa kufagia, na hapo kipimo changu kinakwama. Kinakwama pia kusini mwa stesheni kuu, Higashi-Kujo, kitongoji chenye familia za Kikorea kwa vizazi kadhaa. Wamefagia, wamelipa kodi, na tangu 1993 wameandaa na majirani zao tamasha la mtaa la Madang. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ilisema kwamba katiba haiwapi wageni haki ya kupiga kura za serikali za mitaa, ila haikatazi bunge kutunga sheria ya kuwapa haki hiyo wakazi wa kudumu. Bunge halijaitunga. Nauli ya wakazi ikianza, mtu wa Higashi-Kujo mwenye uraia wa Korea, hata aliyezaliwa hapo, atailipa kama wenzake, ila madiwani wanaopitisha nauli hiyo huchaguliwa bila kura yake.