Batri ya baiskeli ya umeme: itupandishe mlima na siku ya kesho pia



Bukavu ni mji wa kupanda na kushuka. Maji ya Ziwa Kivu yako karibu mita 1,460 juu ya bahari, na anayetoka ufukoni kwenda Kadutu au Bagira anajua magoti yake yanavyomwambia. Miaka na miaka mzigo umepanda kwenye mgongo wa mama, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Ndiyo maana baiskeli ya milimani yenye moteri ya umeme, kinga ya umeme kama wengi wetu tunavyosema, inatupendeza. Unakanyaga pedali, moteri inakusaidia.

Katika kikundi chetu baiskeli moja ya namna hiyo inatumiwa na wamama watano kwa zamu, na ilinunuliwa kwa pesa ya likelemba. Shida haikuchelewa. Wa kwanza na wa pili wanafanya kazi vizuri, wa tano anaikuta batri imekufa, na anasukuma kwa mikono chuma cha kilo 25 pamoja na gunia la unga, giza likiingia. Maneno yakaanza: «Nani anamaliza umeme?» Maneno ya namna hiyo yanavunja kikundi kuliko njaa. Tukaona heri tukae na kalamu, tufanye hesabu.

Batri ni kama ndoo

Batri nyingi zimeandikwa namba mbili. Yetu inasema volti 36 na ampea-saa 14. Zidisha 36 kwa 14, unapata 504. Hizo ndizo wati-saa, yaani kipimo cha ndoo yenyewe. Kwa mfano, zingewasha taa ya wati 10 kwa saa 50.

Mlima unachota kiasi gani katika ndoo hiyo? Tuchukue mama wa kilo 65, baiskeli ya kilo 25 na mzigo wa kilo 20. Jumla ni kilo 110. Kuinua kilo 110 kwa mita 100 kwenda juu kunataka karibu wati-saa 30. Moteri nayo inapoteza sehemu katika joto, kwa hiyo batri inatoa karibu 40. Mzigo ukiwa kilo 40 badala ya 20, batri inatoa karibu 47. Lakini mama wa mzigo wa kilo 20 akikanyaga kweli na kubeba theluthi moja ya kazi, batri inatoa 27 tu.

Tazameni vizuri hesabu hii. Anayepanda mita 300 na mzigo wa kilo 40, miguu ikizunguka tu bila nguvu, anachota karibu 140. Anayepanda mita zilezile na kilo 20, huku akisaidia, anachota 81. Baiskeli ni moja, batri ni moja, na hakuna mwizi. Tofauti iko katika mzigo, mlima na miguu.

Mambo saba ya kufanya njiani

1. Msaada mdogo kwenye tambarare. Kwenye usukani kuna kitufe cha kuchagua nguvu ya moteri. Mahali pa tambarare tuweke nguvu ndogo kabisa. Nguvu kubwa tuitunzie mlima mkali, na tukifika juu tuirudishe chini mara moja.

2. Gia nyepesi kabla ya mlima. Tusingoje baiskeli ianze kulia. Tubadilishe gia tukiwa bado chini, miguu izunguke haraka na kwa wepesi, walau mzunguko mmoja kila sekunde. Moteri inayozunguka polepole chini ya mzigo mzito inakula umeme mwingi na kupata joto bure.

3. Mipira ijae upepo. Mpira uliolegea unavuta baiskeli nyuma kila mita. Kipimo kimeandikwa ubavuni mwa mpira, cha chini na cha juu. Barabarani tukaribie kile cha juu. Kwenye matope tunaweza kupunguza kidogo ili mpira ushike, lakini tusiende chini ya kipimo kilichoandikwa.

4. Breki na mnyororo. Tuinue gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Likisimama haraka, breki inagusa, na tunalipa umeme wa kupigana na breki yetu wenyewe. Mnyororo tuupanguse kwa kitambaa kikavu, tuuwekee mafuta kidogo, kisha tupanguse yanayozidi ili yasishike vumbi.

5. Mwendo wa kiasi. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu mara nne. Anayekimbia kwenye tambarare anafika dakika chache mbele, lakini ndoo yake imepungua sana.

6. Mzigo upimwe. Kila kilo 10 za ziada zinakula karibu wati-saa 4 katika kila mita 100 za kupanda. Uzito wa mwisho ambao baiskeli inabeba umeandikwa na mtengenezaji, na mama mwenyewe anahesabiwa ndani yake. Tusiupite. Kinachovunjika kwanza ni gurudumu au breki, na hiyo ni hatari ya maisha kwenye mteremko.

7. Mteremko haujazi batri. Wengi wanafikiri tukishuka umeme unarudi. Kwa baiskeli nyingi za milimani si kweli, kwa sababu tukiacha kukanyaga gurudumu linazunguka peke yake na moteri inabaki imelala. Basi tusiweke hesabu yetu juu ya mteremko. Tupange safari tukijua ni mlima gani unatungoja wakati wa kurudi.

Nyumbani

Batri hizi ni za litiamu. Haitakiwi kungoja ziishe kabisa ndipo tuzichaji. Kwa mji ambao umeme unakuja na kuondoka, hiyo ni habari njema: umeme ukija saa mbili tu, tuchaji saa mbili hizo. Kwa chaja ya kawaida ya ampea 2, batri kama yetu ikiwa tupu inataka saa saba au zaidi kidogo kujaa.

Kwa siku za kawaida, batri inayokaa kati ya asilimia 20 na 80 inaishi muda mrefu kuliko ile inayojazwa kabisa na kumalizwa kabisa kila siku. Siku ya safari ndefu tuijaze. Tukiiweka bila kazi kwa wiki nyingi, tuiache karibu nusu. Na tuitoe juani, kwa sababu joto linaizeesha haraka.

Sasa neno zito, kwa sababu tuna watoto. Batri ya litiamu iliyoharibika inaweza kushika moto mkali. Tutumie chaja yake tu. Tusichaji karibu na kitanda wala mlangoni ambapo watu wangepita kukimbia. Tusichaji usiku wote wakilala. Batri iliyoanguka vibaya, iliyovimba au iliyoingia maji isichajiwe tena mpaka fundi anayeijua aitazame. Na isifunguliwe na mtoto anayetafuta waya wa kuchezea.

Tukumbuke pia kitu kimoja. Batri nyingi za litiamu zina kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi yetu, Kongo, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Ni mali iliyotoka ardhini kwa jasho la watu wetu na kuturudia kwa bei ghali. Kuitunza ni kuheshimu jasho hilo.

Daftari la zamu

Hatua iliyotuliza kikundi chetu ni daftari la franka chache. Kila mama anaandika tarehe, asilimia ya batri alipoipokea, asilimia alipoirudisha, njia aliyopita na kilo alizobeba. Baada ya wiki tatu tuliona wenyewe kwamba zamu za mlima mrefu zinafaa ziwe asubuhi, batri ikiwa imejaa, na zamu za njia ya chini ziwe mchana. Mama mwenye mzigo mkubwa anaugawa safari mbili au anamwambia anayemfuata mapema. Anayerudisha chini ya asilimia 30 anaichaji kwanza ndipo aitoe. Mama wa tano hasukumi tena.

Vikundi vingine vyenye mashine ya kusaga, cherehani au paneli ya jua vinaweza kufanya vilevile. Kitu cha wote kinataka hesabu ya wote, iliyoandikwa na kusomwa mbele ya wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuwatakie wiki ya amani, wamama, na batri isiyozimika kabla ya mlango wa nyumba.