Gari la Kupandia Marangu: Kuchagua Stesheni Iliyotumika kwa Kipato cha Wastani

Ununuzi wa gari lililotumika katika miteremko ya Kilimanjaro hauwezi kuongozwa na vigezo vilevile vinavyotosha Dar es Salaam au Tanga, kwa kuwa mkazi wa Vunjo, eneo la Himo na Marangu, hupanda na kushuka kila siku, na kupanda huko ndiko kunakoamua kiasi cha mafuta, uhai wa giabokisi na starehe ya abiria kuliko jina lolote lililobandikwa kwenye buti. Kutoka Moshi mjini hadi Himo ni takriban kilomita 27 za lami isiyo na milima mikali. Lakini kutoka Himo kuelekea Marangu Mtoni, mwendo usiofika kilomita 15, barabara hupanda takriban mita 500, na anayeishi juu zaidi, kuelekea geti la Hifadhi ya Kilimanjaro, hupanda tena mamia kadhaa ya mita.

Aina ya gari inayozungumziwa hapa ni stesheni wagoni, yaani gari dogo ambalo paa lake limeendelezwa mpaka nyuma, buti likaungana na chumba cha abiria, na viti vya nyuma vikaweza kulazwa ili kupata sakafu moja ndefu. Umbo hilo linafaa maisha ya kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kwa namna ambayo saluni ya kawaida haiwezi: mikungu ya ndizi inashuka nalo kwenda sokoni, nyasi na mabua ya ng'ombe wa ndani yanapanda nalo kutoka maeneo ya tambarare, na mwezi Desemba familia inayoishi Dar es Salaam inaweza kupakia watoto, mabegi na zawadi za Krismasi kwa safari ya zaidi ya kilomita 500 kuja nyumbani. Gari kubwa la magurudumu manne lingefanya kazi hiyo pia, ila bei yake, vipuri vyake na kiu yake ya mafuta viko nje ya uwezo wa mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara mdogo.

Kabla ya kutaja majina ya magari, inafaa kueleweka mlima unadai nini. Gari dogo la stesheni likiwa na watu wanne na mizigo huwa na uzito wa takriban kilo 1,500, na kuuinua uzito huo mita 500 kunahitaji nishati ya zaidi ya megajuli 7. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini injini ya kawaida hugeuza karibu robo tu ya nishati hiyo kuwa nguvu ya kusukuma magurudumu, huku iliyobaki ikipotea kama joto kupitia radieta na ekzosi. Kwa hesabu hiyo, mlima peke yake hula kati ya robo tatu ya lita na lita moja nzima, mbali na mafuta ambayo gari lingetumia kwa umbali uleule kwenye tambarare. Gari linalosifiwa kwenda kilomita 13 kwa lita linaweza basi kutumia karibu maradufu kutoka Himo hadi Marangu, na hilo si ugonjwa wa injini, ingawa mafundi wengi wamelipwa kubadilisha plagi na sensa kwa sababu ya lalamiko hilo. Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwa nini uzito wa gari ni kigezo cha kwanza: kila kilo isiyo ya lazima inalipiwa kila jioni.

Takwimu za matumizi ya mafuta zinazotolewa na viwanda vya Japani zinapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo. Vipimo vyao, kikiwemo kile kinachoitwa JC08, hufanywa ndani ya maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya rola, bila mlima wala shehena ya ndizi. Kwa mfano, Toyota Corolla Fielder ya haibridi, iliyotoka mwaka 2013, ilitangazwa kwenda kilomita 33 kwa lita kwa kipimo hicho. Haibridi ni gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, ambalo likishuka au kufunga breki hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Jambo hilo linavutia sana kwa mtu wa mlimani, na ni kweli kwamba sehemu ya gharama ya kupanda hurudi wakati wa kushuka. Lakini betri ya Fielder hiyo ina ujazo wa chini ya kilowati-saa moja, na kompyuta yake huruhusu sehemu tu ya ujazo huo kutumika, hivyo katika mteremko mrefu kama wa Marangu betri huelekea kujaa kabla gari halijafika Himo, na nishati iliyosalia hupotea. Kwa anayezunguka Moshi mjini siku nzima haibridi ina faida dhahiri. Kwa anayeshuka asubuhi na kupanda jioni faida hupungua, na hofu ya kununua betri iliyochoka hubaki palepale.

Katika magari yanayopatikana kwa wingi kwenye yadi na mikononi mwa madalali, mjadala wa kipato cha wastani kwa kawaida huishia kwa Probox na Fielder. Toyota Probox ilitoka Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, pamoja na pacha wake Succeed, na sifa yake ya uvumilivu haina ubishi: magari ya abiria ambayo watu wa Kaskazini huyaita mchomoko ni ushahidi wa kutosha. Hata hivyo, Probox nyingi zilizoingia nchini ni zile za kubebea mizigo, zilizoundwa kuchukua kilo 400, zenye springi ngumu, matairi ya mizigo yenye kuta ngumu na kiti cha nyuma chembamba chenye mgongo uliosimama, ambacho kwa safari ya Himo kinavumilika lakini kwa safari ya Dar es Salaam ni adhabu. Ilikuwapo Probox nyingine, ya abiria, yenye kiti bora zaidi cha nyuma, na mnunuzi anaweza kuitambua kwa namba ya chasisi inayoanza na NCP58, au NCP59 kwa ile inayosukuma magurudumu yote manne. Toleo hilo halikuendelea baada ya maboresho makubwa ya mwaka 2014, kwa hiyo likionekana katika hali nzuri linastahili kuangaliwa kabla ya mengine ya bei yake.

Corolla Fielder ni gari la familia tangu lilipobuniwa, na tofauti hiyo huonekana mara tu abiria wa nyuma wanapokaa. Kizazi cha kwanza kilianza mwaka 2000, cha pili kikafuata mwaka 2006, na matoleo ya cc 1,500 ya vizazi hivyo viwili hutumia injini ya 1NZ-FE, ileile iliyomo katika Probox nyingi na katika IST, jambo linalomaanisha kwamba vipuri vyake hupatikana Moshi bila kuagizwa na kwamba mafundi wanaijua. Injini hiyo huendesha valvu zake kwa mnyororo, si mkanda, kwa hiyo haidai mkanda mpya kila baada ya kilomita 100,000 kama injini nyingi za zamani. Inapopanda mlima hulia zaidi kuliko injini ya cc 1,800, hasa kwa kuwa hewa ya Marangu ni nyepesi na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Lakini mtu asiyekimbizana na magari ya watalii hana sababu ya kulipia injini kubwa.

Tatizo la Fielder za kuanzia 2006 ni kwamba nyingi zina giabokisi ya CVT, yaani ile isiyo na gia za hatua bali mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili zinazobadilika upana. Ikitunzwa huokoa mafuta, ila haipendi kubebeshwa mzigo mzito kwenye mlima kila siku, na huharibika haraka ikiwekewa oili ya giabokisi ya kawaida, kosa ambalo hufanywa katika gereji nyingi kwa sababu oili yake ni ghali. Kwa Marangu, Fielder yenye otomatiki ya gia nne au yenye gia za mkono ni chaguo lenye busara zaidi, hata kama katalogi inaipa kilomita chache kwa lita.

Toyota Caldina hupendwa kwa ukubwa wake, lakini ile ya kizazi cha mwisho, 2002 hadi 2007, yenye injini ya D4 ya cc 2,000, inahitaji tahadhari. D4 hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na pampu pamoja na nozeli zake huteseka petroli inapokuwa na uchafu au maji. Mnunuzi mwenye fedha ya kununulia tu, bila ya kutengenezea, hana haja nayo. Subaru Legacy hushinda zote kwa starehe na kwa kushika barabara, na wanaoipenda huipenda kwa moyo wote, lakini uzito wake na mfumo wake wa kusukuma magurudumu manne muda wote huifanya iwe kinyume cha gari la kubana mafuta.

Suala la magurudumu manne lenyewe lina sura mbili. Stesheni nyingi husukumwa na magurudumu ya mbele, na gari la namna hiyo likijazwa mzigo nyuma kisha likaelekezwa kwenye mlima wenye tope jekundu la masika, uzito hurudi nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na kuanza kuzunguka bure. Ndiyo maana baadhi ya madereva hupanda vichochoro vya kihambani kwa rivasi. Kwa familia ambayo nyumba yake iko kando ya lami, matairi yenye kashata nzuri yanatosha. Kwa ile ambayo njia yake inavuka mfongo, yaani mfereji wa maji, na kupanda udongo mtupu, Fielder au Probox ya magurudumu manne ina thamani ya lita za ziada. Ila matoleo hayo kwa wingi huuzwa katika maeneo ya Japani yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo ni lazima yakaguliwe chini kwa kurunzi kutafuta kutu kwenye mihimili, mabomba ya breki na mikono ya magurudumu.

Wengine hutatua tatizo la njia mbaya kwa kulinyanyua gari kwa spesa, vipande vinavyowekwa juu ya springi. Kunyanyua kidogo huokoa bampa, lakini kunyanyua sana hupinda mstari wa shafti za magurudumu, huchakaza jointi na bushi, na huondoa ule ulaini wa mwendo uliokuwa sababu ya kununua Fielder badala ya Probox.

Umri wa gari nao una hila yake. Watanzania huuziana magari kwa herufi ya namba, wakisema gari ni namba D au namba E, na bei hupanda kwa kadiri herufi zinavyosonga mbele. Lakini herufi huonyesha tu lini gari lilisajiliwa Tanzania. Stesheni ya mwaka 2004 iliyoingia nchini imechoka inaweza kubeba namba mpya kuliko ya mwaka 2008 iliyotunzwa na mmiliki mmoja wa Moshi. Kwa anayeagiza mwenyewe, kodi ndiyo inayoadhibu umri: kwa viwango vilivyotumika kwa miaka mingi, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, gari dogo lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Ushuru wa bidhaa wenyewe ni asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000 na asilimia 10 kwa kubwa zaidi. Mamlaka ya Mapato (TRA) ina kikokotoo cha magari yaliyotumika, na kukitumia kabla ya kutuma fedha Japani huondoa mshangao bandarini. Aidha, mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na badala yake shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya mafuta, kwa hiyo gari lenye kiu hulipa kodi zaidi.

Gari linalouzwa Moshi halipaswi kujaribiwa kwa kuzunguka mnara wa saa tu. Linapaswa kuwashwa asubuhi likiwa baridi, kisha lipandishwe kutoka Himo likiwa na watu wanne, dereva akitazama geji ya joto, akisikiliza kama giabokisi inasita kubadili gia, na mwenzake akiangalia kama moshi wa bluu unatoka nyuma, dalili kwamba injini inachoma oili. Wakati wa kurudi chini, gari liachwe ndani ya gia ya chini bila kukanyaga mafuta. Injini zenye kompyuta hukata petroli kabisa katika hali hiyo, ilhali anayeweka gia huru akidhani anabana mafuta huifanya injini iendelee kunywa ili isizimike, na huzichemsha breki mpaka zinakataa kushika. Breki zikinuka au usukani ukitetemeka kabla ya kufika Himo, bei ijadiliwe upya.

Baada ya hapo hukaguliwa kadi ya gari, ambayo namba yake ya chasisi lazima ilingane na iliyogongwa kwenye bodi, pamoja na madeni ya faini za trafiki, ambayo huonekana kwa namba ya gari katika mfumo wa Jeshi la Polisi. Kadi iliyoko kwa mkopeshaji si kadi, hata muuzaji awe jirani wa kanisani. Na katika fedha iliyotengwa, sehemu ya kumi walau ibaki mfukoni siku ya kununua, kwa ajili ya oili ya injini na ya giabokisi, breki pedi, matairi na bushi za mbele, vitu ambavyo gari lolote lililotumika litavidai ndani ya miezi michache ya kwanza ya kupanda Marangu.