Beki Asiyepanda: Abakizwe au Aachwe?

Kila msimu wa ligi ufikapo mwisho, na klabu zikaanza kupanga orodha za wachezaji wa mwaka ujao, swali moja huzuka hapa Kampala, kuanzia kantini za Mbuya na Nsambya mpaka majukwaa ya Lugogo na Namboole. Je, beki wa pembeni ajuaye kukaba tu, asiyepanda mbele kusaidia mashambulizi, abakizwe katika klabu au aachwe aende zake? Wako wasemao kwamba mchezaji wa namna hiyo amepitwa na wakati. Wako pia wasemao kwamba bila yeye golikipa hana usingizi. Leo twapenda kulichungua swali hili, kwa kuwa lawahusu wasomaji wetu kwa njia mbili: wao ni wapenzi wakubwa wa kandanda, tena ni watu ambao kazi yao yenyewe ni ulinzi.

Yafaa kwanza tueleze kazi ya beki huyo. Zamani alikuwa na mtu mmoja wa kumtazama, yaani winga wa timu pinzani. Winga alishika mstari, beki akamfuata, na mchezo ulipokwisha watu waliuliza jambo moja tu: nani kamshinda mwenzake? Baadaye walimu wa timu waliwavuta mawinga wao ndani, karibu na goli, na njia ya pembeni ikabaki tupu. Aliyekuwa karibu kuitumia ni beki. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1970 huko Mexico City, bao la nne la Brazil dhidi ya Italia lilifungwa na Carlos Alberto, nahodha na beki wa kulia, aliyekuja mbio kutoka nyuma pasipo mtu wa kumzuia. Mabao ya namna hiyo yaliwafanya watazamaji wa nchi nyingi watamani kuwaona mabeki wao wakifanya vivyo hivyo.

BUIBUI WA MANCHESTER

Katika miaka hii mfano ulio wazi ni ule wa Aaron Wan-Bissaka, aliyezaliwa London mwaka 1997 na wazazi wenye asili ya Kongo. Mwaka 2019 Manchester United, klabu yenye wafuasi wengi sana hapa Kampala, ilimnunua kutoka Crystal Palace kwa pauni milioni 45, pamoja na nyongeza ambazo zingefikisha bei hiyo milioni 50. Miguu yake mirefu ilimpatia jina la Buibui. Winga aliyedhani kwamba amekwisha kumpita alishtuka kuona mguu ukitokea ubavuni mwake na mpira umekwenda nje.

Hata hivyo haukupita muda mrefu lawama zikaanza. Ilisemwa kwamba hajui kupiga krosi, kwamba afikapo mbele husita na kuurudisha mpira nyuma, na kwamba wapinzani humwachia mpira kwa makusudi. Katika michezo karibu 190 aliyoichezea United alifunga mabao 2 tu. Kocha Erik ten Hag alipoingia mwaka 2022, alianza kwa kumpa nafasi hiyo Diogo Dalot, Mreno apendaye kupanda. Lakini tarehe 25 Mei 2024, United ilipokutana na Manchester City katika fainali ya Kombe la FA, aliyepangwa beki wa kulia alikuwa Wan-Bissaka, na Dalot akahamishiwa kushoto. United ilishinda 2-1. Ilipofika Agosti ya mwaka huo huo, Wan-Bissaka aliuzwa kwa West Ham kwa pauni milioni 15.

Twaomba wasomaji wayatafakari mambo hayo mawili kwa pamoja. Siku ya pambano kubwa aliitwa. Siku ya kupanga orodha aliachwa. Yaliyofuata nayo yana mafunzo. Novemba 2024 alifunga bao West Ham ilipoishinda Newcastle 2-0 huko huko Newcastle, na Septemba 2025 akavaa kwa mara ya kwanza jezi ya timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kumbe beki aliyehukumiwa kwamba hajui kwenda mbele alikuwa bado hajafika mwisho wa kujifunza.

HESABU YA SIMBA

Tukirudi nyumbani, twaikuta hesabu iliyo nzito zaidi. Mwaka 1972 klabu ya jeshi, Simba, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa la Afrika, jambo ambalo hakuna klabu ya Uganda iliyokuwa imelifanya kabla yake. Ilipambana na Hafia ya Guinea. Mjini Conakry ilifungwa 4-2, na hapa Kampala ikafungwa 3-2. Mabao manne katika fainali si haba. Zipo timu zilizotwaa vikombe kwa machache kuliko hayo. Lakini Simba iliruhusu saba, na kombe likaenda Guinea.

Mwaka 1978 Jimmy Kirunda, beki na nahodha wa timu ya taifa, Cranes, alifunga mabao 32 katika ligi akiichezea KCC. Wapenzi wa beki apandaye hawawezi kupata shahidi mzuri kuliko huyo, na jina la marehemu Kirunda litaendelea kutajwa kwa heshima. Hata hivyo ubingwa wa ligi wa mwaka ule haukwenda KCC. Ulichukuliwa na Simba. Mtu mmoja alifunga mabao ambayo yangetosha timu nzima, na bado klabu yake haikushika nafasi ya kwanza.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa Cranes katika kuwania kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2019. Katika michezo mitano ya kwanza, dhidi ya Cape Verde, Tanzania na Lesotho, hawakufungwa hata bao moja. Walipokwenda Dar es Salaam kwa mchezo wa mwisho, Machi 2019, walikuwa wamekwisha kufuzu, na huko wakafungwa 3-0. Katika michezo yote sita walifunga mabao 7 tu, lakini walimaliza juu ya kundi wakiwa na pointi 13. Mabao hayo yalitosha kwa sababu mlango wao ulikuwa umefungwa.

HAKI YA UPANDE WA PILI

Tusiwe wapenzi wa upande mmoja. Wanaotaka beki huyo aachwe wanayo hoja ya kweli. Mwaka 2017 nchini Gabon, Cranes walirudi katika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1978. Walifungwa 1-0 na Ghana, wakafungwa 1-0 na Misri katika dakika za mwisho, na wakatoka sare 1-1 na Mali. Hakuna aliyewapiga kwa mabao mengi, lakini walirudi nyumbani na pointi moja na bao moja. Ulinzi uliwafikisha fainali, usiweze kuwavusha kundi.

Sababu yake yaeleweka kiwanjani. Timu pinzani ikijazana mbele ya goli lake, beki asiyepanda huwa mtu wa ziada asiye na kazi. Winga anayepaswa kumkaba huona kwamba hana haja ya kumfuata, naye huingia ndani kuwasaidia wenzake. Hivyo washambuliaji wetu hujikuta wakipambana na watu wengi kuliko wao. Kwa klabu inayotaka ubingwa, udhaifu huo si mdogo.

Lakini tuitazame hali ya pili. Beki amepanda, mpira umepotea, na nyuma yake ipo nafasi tupu. Beki wa kati hulazimika kutoka mahali pake kwenda kuiziba, na mahali pake napo huwa wazi. Kila askari alifahamu jambo hili tangu siku za mafunzo: kikosi kinachosonga mbele huacha watu wa kulinda ubavu wake. Anayeachwa kulinda ubavu hahesabiwi kuwa mwoga kwa sababu hakuonekana mstari wa mbele. Ametumwa pale, na amri yake ni kukaa pale.

Hapo ndipo twaona kosa la wengi katika ubishi huu. Bao huandikwa, na jina la mfungaji hutangazwa redioni. Krosi iliyozuiwa haiandikwi mahali popote. Lindo lililopita usiku kucha bila ya tukio halina habari ya kuchapishwa asubuhi, ingawa huenda halikutokea tukio kwa sababu mlinzi alikuwa macho. Beki wa pembeni hupimwa kwa yale yaliyoandikwa, na kazi yake kubwa ni ile isiyoandikwa.

KAULI YETU

Kwa hiyo rai yetu kwa wasimamizi wa klabu, na hasa za majeshi yetu, yaani UPDF, na Polisi waliotwaa ubingwa wa ligi mwaka 2005, ni kwamba beki wa namna hiyo asiachwe kwa kelele za jukwaani. Kabla ya kulifuta jina lake, mwalimu wa timu aulizwe mambo matatu, na majibu yaandikwe. Kwanza, katika msimu uliopita ni mabao mangapi yalipitia upande wake, na mangapi yalipitia upande wa pili? Pili, akiondoka, nani hasa atakayekaa nyuma wenzake wakipanda? Tatu, je, amefundishwa kupiga krosi na kupanda kwa zamu, au amelaumiwa tu?

Ikiwa upande wake ndio uliovuja, aachwe. Ulinzi usiolinda hauna utetezi. Ikiwa upande wake ulikuwa salama, abakizwe, na beki wa upande wa pili apewe ruhusa ya kupanda, ili mmoja aendapo mwingine abaki. Mechi za kufa na kupona ugenini apangwe yeye. Mechi za nyumbani dhidi ya timu zinazojifungia apumzike, aingie mwenzake. Naye mchezaji mwenyewe ana wajibu. Nusu saa ya krosi kila baada ya mazoezi haitamfanya kuwa Kirunda, lakini itamlazimisha winga wa timu pinzani kumfuata.

Wazee walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Beki apandaye hupendeza macho, na klabu yenye uwezo wa kuwa naye imtafute. Lakini imtafute ikiwa imekwisha kujua nani atakayelinda nyuma yake. Simba ya mwaka 1972 ilijua kufunga, na hesabu ya mabao saba ingali inasomeka hadi leo.